Sentensi Iliyopigiwa Kura

Amri Bedfodi hakuwa mtu wa kutishika kirahisi. Mwaka wa sitini na sita, barabara ya kwenda Zambia ilipokuwa tope tupu, alipakia mapipa ya petroli kwenye lori lake la Bedfodi, akapanda nayo mlima Kitonga huku anavuta sigara. Wenzake walimwita mwendawazimu, yeye akawaita waoga, na lori likafika. Kwa hiyo wale waliomwona Jumatano ile, mwaka wa sabini na mbili, akitetemeka mbele ya ubao wa chaki, walidhani ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa amesoma sentensi ya Kiingereza yenye maneno sita na kuielewa. Wengi hapa Tunduma wamepata matatizo kwa kutokielewa Kiingereza. Amri ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyepata matatizo kwa kukielewa.

Darasa lenyewe lilikuwa la elimu ya watu wazima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri, ndani ya ofisi ya tawi la Chama. Kwingineko watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili, basi. Lakini sisi tunaishi mpakani. Ukivuka jiwe la mpaka tu, karatasi, mihuri na polisi vyote vinasema Kiingereza, na huwezi kumjibu polisi kwa "mulishani mukwai", salamu ya Kibemba, kila siku. Watu waliomba wafundishwe, wakaletewa Mwalimu Nikodemo, kijana wa Kindali kutoka milima ya Ileje, mpole, mcha Mungu, asiyejua mzaha hata wa dawa.

Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja, na mchwa walikuwa wameanza kukisoma kabla yake. Mifano yake yote ilikuwa ya watu wa Ulaya waliokula vitu visivyojulikana na kutembea kwenye theluji. Wanafunzi walilalamika. Basi mwalimu akapata njia yake: akawa anawatoa Wazungu ndani ya sentensi na kuwaingiza wanafunzi. Kila mtu alingoja zamu yake ya kuandikwa ubaoni, na aliyeandikwa alitoka darasani akitembea kwa maringo.

Somo moja la kitabu lilichukua wiki mbili na zaidi; la tano lilikuwa la kulinganisha. Mwalimu aliandika kwamba Gwakisa ni mrefu kuliko Watson. Watson, fundi baiskeli, alikataa. Ilibidi wasimamishwe ukutani, wawekewe alama ya chaki, na Watson akashindwa kwa upana wa kidole kimoja. Tangu siku hiyo Watson hakukipenda Kiingereza, ingawa kilichomshinda kilikuwa ukuta.

Sasa Amri. Jina darasani lilikuwa lake yeye, si la mkewe. Alijiandikisha kwa mbwembwe, akanunua kalamu mbili. Lakini mwenye lori hana alasiri. Leo yuko Iyula anapakia mahindi, kesho yuko Kamsamba anafuata mpunga, na mvua ikinyesha kule bondeni anakwama siku nne. Akaona nafasi yake kwenye benchi itachukuliwa. Akamwambia mkewe, "Mama Zaitun, nenda ukanishikie nafasi. Usijisumbue kujifunza sana. Wewe nishikie tu."

Mkewe alikwenda. Alikaa pale kama lile jiwe mtu analoliacha kwenye foleni ya mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba jiwe hili lilikuwa linasikiliza. Baada ya miezi mitatu Amri alirudi darasani akakuta jiwe lake limeandikwa kwenye daftari la mwalimu kwa jina kamili, Stumai binti Saidi, na linasoma kwa sauti bila kusita. Akabanana naye kwenye benchi lile lile. Alipoulizwa swali yeye, alijikohoza. Alipoulizwa mkewe, alijibu. Amri akawaambia watu kwamba ndiye aliyemfundisha.

Jumatano ile, somo la sita, mwalimu alifika kwenye mfano wa kitabuni kuhusu dada mmoja wa Kizungu aliyependa maziwa kuliko kaka fulani. Akawatoa wote wawili kama kawaida yake. Akatazama darasa akitafuta nani wa kuweka mahali pao, akaona mke na mume kwenye benchi moja. Kwa moyo mweupe kabisa akaandika kwa Kiingereza: Stumai anapenda Kiingereza kuliko Amri.

Darasa lilicheka. Walicheka kwa sababu ni kweli. Stumai anakipenda, Amri anajikohoza. Lakini Amri alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata hewani, akafika mwisho akakuta jambo jingine. Mkewe anapenda Kiingereza kuliko anavyompenda yeye. Na watu wanacheka!

"Mwalimu," alisema, akisimama. "Nani amekwambia?"

Nikodemo alidhani ni swali la somo, akafurahi. "Vizuri sana, Bwana Amri, umeona mwenyewe! Sentensi hii ina milango miwili. Ukiingia huku, ni kwamba Stumai anakipenda kuliko wewe unavyokipenda. Ukiingia huku, ni kwamba anakipenda kuliko anavyokupenda wewe. Msikilizaji hajui ni upi."

"Hajui?"

"Hajui. Dawa yake ipo. Ukiongeza neno moja dogo, mlango mmoja unafungwa. Lakini hilo ni somo la saba."

"Na leo ni la ngapi?"

"La sita."

Amri akachukua kofia yake. "Basi mke wangu hakanyagi humu tena mpaka nijue kwenye Kiingereza hiki aliingia kwa mlango upi. Mama Zaitun, twende."

Stumai alifunga daftari lake, akalivika kanga na kumfuata. Hakusema neno, na hilo nalo Amri akaliweka moyoni.

Nisimcheke sana. Mtu yule aliogopa. Alimtoa Stumai Kibiti akiwa msichana wa miaka kumi na minane, kwenye joto na minazi, akamleta huku ambako mwezi wa sita maji ya kunawia yanauma meno. Miaka kumi na moja hakumsikia akilalamika. Alikuwa akiuchukua ukimya ule kama watu wanavyouchukua ukimya wa injini iliyozima mteremkoni: mambo shwari, tunaenda. Sasa chaki ya mwalimu ilikuwa imemuuliza kama injini ilikuwa inafanya kazi kweli, na hakuwa na jibu. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Anapendwa, au hapendwi?

Angeweza kumuuliza mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Lakini mwanamume wa rika lake kumuuliza mkewe jambo kama hilo ilikuwa aibu iliyozidi kusukuma lori mchana mbele ya stendi. Akafanya kama tulivyofanya sote miaka ile. Mbuzi wa jirani akila mihogo yako, unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Ua ukisogezwa, balozi. Basi na hili akalipeleka kwa balozi.

Balozi, Mzee Hamis muuza chumvi, alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mtu aliyepigwa. Hakuna. Akauliza kama kuna kitu kilichovunjwa. Amri akasema labda. Mzee Hamis akasema jambo la Kiingereza limemzidi kimo, akalipandisha juu, tawini.

Kikao kilikaa Jumamosi asubuhi, ndani ya chumba kile kile cha darasa, ubao umegeuziwa ukutani kwa heshima. Mwenyekiti, Ndugu Mbonile, mkulima wa kahawa, alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Wengine walikaa kwenye mabenchi. Katibu, Jenista, aliweka mezani kitabu cha kumbukumbu na muhuri wa tawi. Kwa wale waliozaliwa juzi niwaeleze: jambo likishaandikwa katika kitabu kile na kupigwa muhuri, lilikuwa kweli. Kabla ya hapo lilikuwa maneno.

Agenda ya kwanza ilikuwa choo cha soko. Ya pili, mbolea. Mapenzi ya Amri na mkewe yaliwekwa ya mwisho, kwenye Mengineyo.

Mwalimu aliitwa aeleze. Akaeleza milango yake miwili. Watson akanyoosha mkono kwanza, alama ya chaki ikiwa bado inamuuma. "Ndugu mwenyekiti, tatizo si milango. Tatizo ni huku kulinganisha. Watu tumekaa vizuri hapa miaka yote, hakuna aliyejua nani mrefu. Huyu mwalimu amekuja kutupima."

Mwenyekiti akaegemea kiti chake. "Umesema neno. Imani yetu inasema binadamu wote ni sawa. Sasa hapa, ndani ya ofisi ya Chama, inafundishwa nani kazidi nani. Mwalimu, hii si dalili ya unyonyaji?"

"Ndugu mwenyekiti, ni sarufi."

"Sarufi ya nani?"

"Ya Waingereza."

"Ahaa," akasema mwenyekiti, na benchi zima likaitikia ahaa.

Gwakisa alijaribu kusema kwamba hata Kiswahili chetu kina milango hiyo hiyo. Ukisema mtu anapenda Kiingereza kuliko fulani, hujui. Wakamnyamazisha. Yeye ni mrefu, lazima atetee.

"Tupige kura," akasema mwenyekiti. "Wanaosema maana ni kwamba Stumai anakipenda Kiingereza kuliko Amri anavyokipenda, wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda chumba kizima. Darasa lote lilinyoosha. Mzee Hamis alinyoosha. Hata waliokuja kwa ajili ya choo cha soko walinyoosha, maana walishamsikia Amri akielewana bei na madereva wa ng'ambo, akitumia vidole zaidi ya ulimi. Jenista akahesabu ishirini na tatu.

Mwanamume mwenye akili angeshukuru Mungu akaenda kunywa chai. Kikao kizima kimesema mkewe hakumlinganisha na kitu. Lakini Amri hakusikia hivyo. Alichosikia ni watu ishirini na tatu wakitaka iandikwe kitabuni, ipigwe muhuri, kwamba yeye ni mzito wa kichwa. Damu ikampanda.

"Wanaosema maana ni kwamba anakipenda kuliko anavyompenda Amri?"

Hakuna aliyenyoosha. Halafu mkono mmoja ukapanda, mnene, wenye kovu la kuunguzwa na rejeta. Ulikuwa wa Amri mwenyewe.

"Mimi Kiingereza nakipenda!" alisema kwa sauti. "Nakipenda sana! Hakuna mtu humu ndani anayekipenda kunizidi!"

Jenista aliinua kalamu. "Niandike nini, Bwana Amri?"

"Andika. Mmoja."

Jenista akaandika kwamba mjumbe mmoja ameona kuwa mkewe hampendi. Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu Amri hakuwa anacheka. Alikuwa bado ameinua mkono, kana kwamba amesahau namna ya kuushusha. Afadhali kutopendwa kuliko kuitwa mjinga. Alikuwa amelichagua hilo mbele ya watu, na sasa alilazimika kukaa nalo.

Lakini Jenista alikuwa mwanamke wa kumbukumbu sahihi. Alihesabu vichwa, akahesabu kura, akahesabu tena. "Mwenyekiti, hazitimii. Tuko ishirini na watano. Kura ishirini na nne."

Wote wakageuka. Kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, alikaa Stumai na kikapu chake cha mboga.

"Mama Zaitun," akasema mwenyekiti, "hujapiga kura. Au hujaielewa sentensi? Mwalimu, mweleweshe."

Stumai alisimama. "Nimeielewa, ndugu mwenyekiti. Mimi sikuja kikaoni. Nimetoka sokoni nikakuta nyumba imefungwa, na ufunguo anao baba Zaitun."

Watu wakacheka kidogo.

"Lakini kwa kuwa mmenihesabu, nitasema. Tangu Jumatano jambo hili limepita kwa balozi, limepita kwa katibu, limefika kwako. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Mwenyekiti alijikuna shingo. "Basi tunakuuliza sasa."

"Sasa, baada ya choo cha soko? Hapana. Hilo sitalijibu hapa. Nitawaambia jingine." Akaweka kikapu chini. "Siku ya kwanza nilipokuja kumshikia mume wangu nafasi, mwalimu aliniuliza jina. Nikasema, Mama Zaitun. Akasema, hapana, lako wewe. Kisha akaniuliza napenda nini. Ni somo tu, kila mtu huulizwa. Wenzangu walijibu, huyu wali, huyu mpira, huyu chai. Mimi nilisimama hapa nikakosa jibu. Mwalimu akadhani sijui Kiingereza chake. Nilikuwa sina jibu hata la Kiswahili. Miaka kumi na moja sijaulizwa. Nilikwenda nyumbani nikafikiri siku mbili, huku napika, huku nafua. Niliporudi nikamwambia mwalimu, napenda Kiingereza. Nakipenda kwa sababu ndicho kilichoniuliza."

Akachukua kikapu chake. "Baba Zaitun, ufunguo."

Amri aliushusha ule mkono hatimaye, akautia mfukoni, akampa ufunguo.

Stumai alipotoka, hakuna aliyetazamana na mwenzake. Mwalimu Nikodemo alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Kama Ndugu Mbonile angekuwa na busara kidogo angefunga kikao hapo. Lakini mwenyekiti hafungi kikao bila azimio. Akakohoa, akamwamuru Jenista aandike: Kwa kuwa binadamu wote ni sawa, kikao kinaazimia kwamba Stumai anapenda Kiingereza na Amri sawasawa, na kwamba Stumai na Amri wanakipenda Kiingereza sawasawa. Mwalimu aruke kulinganisha, aendelee na somo la saba. Muhuri ukagongwa. Watu wakapiga makofi, maana ilikuwa saa saba na njaa ilikuwa inauma.

Amri aliomba nakala. Alikwenda nayo nyumbani imekunjwa ndani ya mfuko wa shati, upande wa moyo, na njia nzima alijiambia kwamba ameshinda. Sawasawa! Si kidogo. Kwa uchache kabisa, anapendwa kama Kiingereza.

Siku ya Jumatatu ndipo alipoanza kuona Kiingereza kinavyopendwa. Kabla ya adhuhuri Stumai alimaliza kazi zake, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha kwa pindo la kanga, kila kidole peke yake. Akafungua sanduku. Kati ya doti zake mpya za kanga, zile ambazo hakuwa amezivaa, akatoa daftari lililovikwa karatasi ya mfuko wa saruji. Akakaa kwenye mkeka na kulifungua taratibu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mahali fulani katikati ya ukurasa alitabasamu, na hakuna mtu aliyemwona ila Amri, aliyekuwa amesimama mlangoni na grisi mikononi.

Amri akangoja zamu yake. Azimio limesema sawasawa. Baadaye mkewe alimletea chai. Aliiweka mezani kama alivyoiweka miaka yote kumi na moja, bila kumwagika, bila neno, akarudi mkekani. Chai ilikuwa nzuri. Amri akaona wazi kwamba azimio halijatekelezwa, na kwamba hakuna tawi wala wilaya inayoweza kumsaidia.

Ilipokaribia saa tisa, Stumai alilifunga daftari akalirudisha sandukuni. Hakuvaa viatu. Katazo la mumewe lilikuwa bado halijaondolewa, na yeye hakuwa mtu wa kuomba. Alianza kuchambua maharage.

Amri alitoka nje. Akanawa mikono kwa sabuni, kila kidole, mpaka grisi ikatoka hata kwenye kovu. Akarudi akakaa ukingoni mwa mkeka, magoti yakilia.

"Stumai," akasema.

Mkewe aligeuka upesi kutazama mlangoni. Alidhani mwalimu amekuja.

Hakukuwa na mtu mlangoni. Akarudisha macho polepole mpaka kwa mumewe, na Amri akajua alichokuwa ametafuta kule, na kikamchoma kuliko kura zote ishirini na tatu. Lakini alikuwa ameshaanza.

"Stumai, unapenda nini?"

Punje moja ya maharage ilikuwa kati ya vidole vya mkewe na aliigeuza na kuigeuza.

"Sijui nikujibu nini sasa hivi," alisema mwishowe, bila hasira. "Mara ya kwanza nilihitaji siku mbili."

Amri akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akafungua sanduku, akatoa daftari kwa ncha za vidole na kumpa.

"Basi nenda darasani. Leo ni somo la saba. Mimi nitakushikia nafasi hapa."

Stumai alimtazama, akatazama ungo wa maharage, akavaa viatu vyake. Kutoka mlangoni Amri alimwona akipita mbele ya ofisi ya forodha, akikata kona ya soko, mwendo wake ukiwa wa haraka kuliko alivyowahi kuuona. Kisha akarudi mkekani akakaa pale alipokuwa amekaa mkewe, akavuta ungo. Hakujua maharage mabaya hutambulikaje, kwa hiyo alichambua moja moja, pole pole, na kuanza kuhesabu siku zake mbili.